Soksi Inayopiga Hodi

Kabati, 9 Novemba 1987

Kwako Shangazi Kavata,

Sasa hivi Mbinya wangu amemkemea kuku aliyeingia jikoni: "Piga hodi kwanza." Nimecheka mpaka machozi, maana ni yeye aliyekuwa akijificha wageni wakija. Nilikuwa nikimfinya ili asalimie, naye akazidi kunyamaza. Mwalimu wa nasari akasema hawezi kumchukua mtoto asiyeitikia.

Ile soksi uliyoishonea macho ya vifungo ndiyo imetusaidia. Naivaa mkononi, inapiga hodi, Mbinya anaikaribisha na kuipa kiti. Asante sana, Shangazi.

Leo mwalimu anakuja kumsikiliza tena, na moyo wangu haujatulia. Ngoja, Mbinya ananiita: "Mama, njoo, mwalimu amefika, nimempa kiti." Shangazi, amemkaribisha peke yake, hata mimi sijainuka kitini. Acha niende.