Uso wa Golrokh

Parvaneh, wamemchukua Golrokh.

Jioni tulikuwa jangwani nje ya mji wa Kashan, wasichana wanne wakicheza dansi bila hijabu. Unajua ninavyopiga picha: naiacha kamera wazi sekunde nane, anayecheza anatoka kama moshi, sura haionekani. Ndiyo maana walikubali.

Ila ile picha ya mwisho nilimwambia Golrokh asimame tuli katikati ya wenzake. Mimi mwenyewe nilimwambia. Akauliza, "Si nitaonekana uso?" Nikamjibu, "Hii ni yetu, shoga, kesho naifuta."

Tukirudi, askari wa maadili wakatusimamisha barabarani, wakafungua kamera. Moshi, moshi, moshi, halafu uso wake.

"Kamera ya nani?"

Nilikuwa nataka kusema, wallahi. Golrokh akanitangulia: "Yangu."

Yangu, alisema. Nami nikaacha iwe yake. Wakamshusha garini, sisi wakatuambia twende.

Sasa hivi nimetoka kwa mama yake. Hakulia. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Nani alimpiga mwanangu hiyo picha?"

Nikamwambia sijui.