Magunia Matatu ya Shemasi

Jumatatu, 10 Julai 1995

Kuchagua pamba tangu asubuhi. Safi kulia, fifi kushoto. Fifi ni ile ya njano, iliyotobolewa na wadudu au kunyeshewa. Mgongo unauma. Babu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo kazi imekuwa yangu. "Mke wangu," ananiambia, "mwaka huu macho yangu ni wewe." Utani wake wa siku zote.

Zamani ushirika ulikuwa na karani wa kukagua daraja. Sasa wanunuzi binafsi wanakuja na malori, wanapima chochote, wanaondoka. Majirani hawachagui tena, wanachanganya. Babu hataki hata kusikia.

Mchungaji amenipa kazi nyingine: niandike historia ya babu, isomwe kanisani Jumapili. Anatimiza miaka thelathini ya ushemasi. Mimi ndiye niliyefika kidato cha sita, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Kazi hii naipenda.

Jumanne, 11 Julai

Babu amesimulia mchana kutwa. Hajui mwaka aliozaliwa, anajua tu kwamba nzige walikuwa wamekula kila kitu. Ujanani alicheza ngoma za mashindano na chatu shingoni. Alilima kwa jembe la mkono, baadaye kwa maksai. Alibatizwa ziwani akiwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, na anasema aliogopa yale maji kuliko alivyowahi kumwogopa chatu. Amezika watoto wawili. Amemzika bibi. Hakuna nyumba kijijini hapa ambayo hajaingia na Biblia yake, penye mgonjwa au penye msiba.

Nilimuuliza anajivunia nini.

"Gunia langu halijawahi kurudishwa."

Nimeandika hilo.

Jumatano, 12 Julai

Nimefanya jambo baya. Naliandika ili nisijidanganye.

Lori linakuja kesho. Lilibaki rundo kubwa halijachaguliwa. Nilikuwa katikati ya aya inayohusu uaminifu wa babu, sentensi zinakuja vizuri, sikutaka kuinuka. Babu alipokwenda kumwona mgonjwa nikashindilia rundo lote kwenye magunia matatu. Safi chini na juu, mchanganyiko katikati. Haikuchukua hata nusu saa. Aliporudi akauliza kama nimemaliza kuchagua. Nikasema ndiyo. Akasema Mungu anibariki.

Nikarudi kwenye aya yangu.

Alhamisi, 13 Julai

Mnunuzi alitapeliwa wiki iliyopita upande wa Magu, akauziwa pamba yenye mawe ndani. Leo amekuja na kisu. Akachana gunia la kwanza la babu, tumboni, mbele ya watu wote waliopanga foleni. Fifi ikamwagika chini ya mizani.

"Shemasi," akasema, "na wewe umo?"

Mtu nyuma yetu akacheka. "Ndiyo maana maombi yake mazito."

Wakacheka wengine. Gunia la pili, vilevile. La tatu, vilevile.

Babu akainama, akachukua pamba kidogo, akaisugua kwa vidole. Vidole vyake havijapofuka. Kisha akageuza uso upande niliokuwa. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia.

"Magunia ni yangu," alisema.

Tumeyarudisha nyumbani kwa mkokoteni. Njia nzima hakuniuliza kitu. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 14 Julai

Mashemasi wamekaa kikao hapa nyumbani. Sherehe yake ya Jumapili imefutwa. Babu amesimamishwa, na hatashiriki Meza ya Bwana mpaka kanisa liridhike. Amekubali bila kujitetea. Mimi niliwapelekea chai. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba, wakanipa pole kwa yaliyotupata.

Nilizipokea pole zao.

Jumapili, 16 Julai

Babu alikaa benchi la nyuma, la wanaochelewa. Sikusema. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 19 Julai

Nimemwambia. Alikuwa anasuka kamba ya ndama.

"Babu, ni mimi niliyechanganya."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akavuta kamba kuona kama imeshika. "Jina langu nimelitumia vya kutosha. Lako bado jipya."

Alidhani ananifariji. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa huko mpaka giza likaingia.

Jumapili, 23 Julai

Baada ya matangazo nilisimama. Nikasema yote: rundo, magunia, uongo wangu.

Mama Leya, kiongozi wa akina mama, akaanza kufuta machozi. "Jamani, mtoto huyu ana upendo. Anataka kumbebea babu yake mzigo."

Wakaitikia amina.

Mchungaji akasema kwa upole, "Binti, tunakuelewa. Ila mtu hatumsaidii kwa uongo."

Nikarudia. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo walivyozidi kunipenda. Mchungaji akamgeukia babu. Babu akasimama taratibu.

"Mjukuu wangu anasema kweli. Lakini gunia ni la mwenye shamba. Ningeingiza mkono ningejua."

"Mnawaona?" akasema Mama Leya. "Kila mmoja anamkinga mwenzake."

Nje ya kanisa watu walinishika mkono. Mmoja alisema angependa mwanawe awe kama mimi. Kicheko cha watu siku ya mizani kilistahili kunipata mimi, kikampata babu. Sifa hizi ni mbaya zaidi. Sina pa kuzirudisha.

Jumatatu, 24 Julai

Nimechana historia niliyoandika. Kurasa kumi na moja. Aya ya uaminifu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Jumapili, 6 Agosti

Meza ya Bwana. Nilikwenda kukaa nyuma, kando ya babu. Shemasi aliyeshika sahani ya mkate alimruka babu kama alivyoagizwa, akaninyooshea mimi. Nikatikisa kichwa. Akasubiri. Nikatikisa tena. Akaenda. Vikombe navyo vikapita.

Babu haoni, lakini alisikia viatu vikisimama mbele yangu, kisha vikiendelea. Alisogea kidogo kwenye benchi ili nikae vizuri.

Wimbo ulipoanza tuliimba, yeye besi, mimi sauti ya kwanza.