Kadi Arobaini na Moja za Jina Lako

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yametulia, na pasi za chumba cha kufulia pale hospitalini hazijakuunguza tena. Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi la vitabu, nayo nimeyazoea kama ndugu. Shangazi mwambie sweta aliyonifumia inanibana kwapani lakini naivaa.

Mama, uliponiandikia kwamba kitabu changu nikitoe kwa jina zito, jina la msomi, nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Ulisema jina lako ni la kuagizia maji tu, kila nyumba ina mmoja, ukiliita barabarani wanageuka wanawake watano. Mimi ulinipa jingine makusudi, ili nisitumwetumwe. Tangu utotoni umekuwa ukiniambia hivyo, na hilo limenikaa rohoni.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita nilianza kazi ambayo sikukuambia. Hapa maktaba kila kitabu kina kadi yake kwenye droo. Basi kila nilipokutana kitabuni na mtu mwenye jina lako, nami nilimwandikia kadi: yuko ukurasa gani, anafanya nini. Mkuu wangu wa kazi alidhani nimechanganyikiwa, akanikumbusha kwamba kadi ni za waandishi, si za wapishi. Sasa zimefika arobaini na moja. Ishirini na tisa wanafagia, wanapika, au wanafungua mlango na kusema bwana hayupo. Sita wanafariki kabla hadithi haijakolea, ili wengine wapate cha kulilia. Mmoja anasifiwa katika shairi, lakini hatuambiwi kama yeye alimtaka huyo mshairi. Waliobaki wanapita tu. Hakuna hata mmoja anayeulizwa anaonaje.

Hata hivyo, nilipozitandaza mezani kichwa kilinivimba. Mwondoe huyo mwanamke, chai haiji, mlango haufunguki, wala siri ya tajiri haijulikani, kwa sababu yeye ndiye aliyeiona. Vitabu vizima vimesimama mgongoni kwake na hajaambiwa asante. Nilijivuna, Mama, kana kwamba nasoma habari za ukoo wetu.

Lakini kuna kadi moja ambayo nimekuwa nikiifunika kwa nyingine. Hadithi ya kadi hiyo niliitunga mimi. Unaikumbuka ile ya gazeti la shule, ya mtumishi aliyeiba sukari? Nilimpa jina lako. Sikuwa na nia mbaya. Nilihitaji mtumishi, jina likaja lenyewe, na hapo ndipo panaponiuma. Uliisoma umesimama, pasi mkononi, ukauliza tu kama sukari ilipatikana, ukaendelea kuninyooshea sare. Nilijua nimekuumiza, nikanyamaza miaka ishirini. Nisamehe, Mama.

Na bado sijamaliza. Kitabu kinachapwa mwezi ujao, na kwenye jalada sikuandika jina ulilonipa. Nimeandika lako. Mhariri alilalamika kwamba ni la kawaida mno, nani atakinunua kitabu. Nikamwambia wenye jina hilo ni wengi, na wote wana macho. Amenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Bila ruhusa yako litaondolewa, maana safari hii sitalichukua bila kuuliza.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kadi ya arobaini na mbili, niliyoipiga chapa jana. Katika droo ya waandishi nimepekua kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwenye jina lako hayumo. Nafasi ipo, nimeipima kwa kidole. Ukikubali, usijisumbue kuandika mengi, irudishe tu hiyo kadi.

Nisalimie wenzako wote wa chumba cha pasi. Na wakikuita kwa jina, usikimbie. Geuka polepole, waone anayeitwa ni nani.

Ni mimi mwanao, na ukiniruhusu,
wajina wako.