Dawa Imelegeza Mguu

Jumanne, mwezi wa Mfunguo Nne

Hongera zake daktari. Mguu wa mume wangu umelegea.

Tangu kiharusi kimpige, mguu wa kushoto ulikuwa mkavu kama mchi, na usiku ukishtuka unanipiga mateke. Juzi tukapewa chupa ya dawa ya kulegeza misuli. Leo adhuhuri mume wangu Salim akashika fimbo aende msikitini. Mguu ukakunjika kama kitambaa, akaniangukia mzimamzima.

Nikaenda hospitali kumweleza daktari. Akatabasamu. "Vizuri, mama. Dawa inafanya kazi."

Kumbe. Nami mjinga nilidhani kazi ya mguu ni kutembea.

Ndipo akakumbuka jambo dogo. "Ule ukavu ndio uliokuwa ukimsimamisha. Basi mpe usiku tu."

Nilipomwambia Salim, akageukia ukutani. "Mke wangu, nirudishie mguu wangu mkaidi. Ule ulinifikisha msikitini."

Usiku huu nimempa kijiko kimoja. Amelala fofofo, sijapigwa teke hata moja. Raha iliyoje. Ila kila nikimaliza kuandika mstari namwinamia, nisikie kama anapumua.