Mashindano ya Baiskeli Kuzunguka Nyumba ya Eda

Walukuba,
Jinja.
13 Agosti 1957

Mpendwa kaka Mafabi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Sauda, na kwamba baridi ya Nakuru haijakurudishia kile kikohozi. Bado unafanya zamu za usiku pale reli? Na wifi, mguu umepoa au bado anachechemea? Nijibu hayo kwanza, maana wewe ukianza kuandika habari za treni husahau habari za watu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Twaha anaota meno ya juu. Hataki kulala, na asipolala yeye silali mimi. Nulu hajambo, anaongea kutwa nzima na kuuliza kila kitu. Mimi mwili upo, ila nimechoka uchovu ambao hata nikipata usingizi hauondoki. Ninaandika vipande vipande. Ukiona mwandiko umepinda mahali, ujue hapo mtoto alikuwa mapajani.

Barua yako niliipata. Mzee Yashwant, yule mwenye duka la baiskeli alikokuwa fundi marehemu mume wangu Adrisi, bado anatupokelea barua kwenye sanduku lake. Kijana wake Navin huzileta na kumwachia jirani yangu Namukose, kwa kuwa mimi siwezi kwenda kuzichukua. Nimeisoma asubuhi, nimeisoma jioni. Unasema wakwe zangu wamekuandikia kwamba eda ya Adrisi ikiisha, mdogo wake Isa anirithi, na wewe kama walii wangu wa ndoa huoni ubaya. Isa ana kazi, hanywi pombe, na watoto watabaki kwenye damu yao. Unasema unangoja neno langu tu ndipo uwajibu.

Neno langu ni hili, kaka. Usikubali.

Sasa usiikunje barua ukaitia mfukoni. Soma mpaka mwisho, kwa sababu nataka ujue ninakuomba nini.

Eda unaijua, lakini huijui ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Tangu tulipomzika Adrisi mwezi wa nne sijavuka kizingiti. Maji ananichotea Namukose, sokoni ananiendea Namukose, na yeye si hata Mwislamu, ni Msoga wa kanisani mwenye watoto wake watano. Hilo silalamiki, ni haki ya marehemu na alikuwa mume mwema. Ila mama mkwe, Bi Kagoya, alihamia kwangu siku ileile ya mazishi, na analala chumba cha mbele, kitanda kimeegemea mlango. Ukipikwa mchuzi anauonja kabla ya watoto. Twaha akilia anamchukua mikononi mwangu na kusema kwamba macho hayo ni ya mwanawe. Mimi namhurumia. Amefiwa na mtoto, na kichomi kile kilimchukua Adrisi upesi kiasi kwamba hata kuaga hawakuagana. Lakini hata kupumua sasa naona kama naomba ruhusa.

Na Wanale siioni, kaka. Kule kwetu Mbale ukifungua mlango asubuhi mlima uko palepale, unajua upo wapi duniani. Hapa ni tambarare tupu. Nikichungulia naona ukuta wa nyumba ya mbele yangu na kipande cha barabara.

Basi kwenye hicho kipande cha barabara ndiko yalikopita mashindano ya baiskeli Jumapili iliyopita. Klabu ya wafanyakazi huyafanya kila mwaka. Wanaziba barabara kwa mapipa, askari wanasimama kwenye pembe, na vijana wanaizunguka safu yetu ya nyumba raundi baada ya raundi. Wanaoshindana si watu wa mbio wa kulipwa, ni makuli wa kiwanda, makarani, mafundi, na Navin wa mzee Yashwant juu ya baiskeli mpya ya dukani. Watu humtania Navin kila mwaka, wanamwambia baba yako anauza baiskeli zote hizo, akuuzie na miguu basi. Anacheka, na mwaka unaofuata anakuja tena.

Nyumba yetu iko pembeni kabisa mwa safu. Kwa hiyo wanapita mbele, wanakata kona, na baada ya kitambo kidogo wanapita nyuma jikoni. Ukiwa ndani unasikia minyororo inakuzunguka, unageuza shingo huku na huku kama kuku aliyefungwa mguu. Adrisi alipokuwa hai nilikuwa natoka kwenye baraza na maji ya limau. Mwaka huu nilikaa kitandani, nimevaa nguo yangu nyeupe, pazia limeshushwa.

Nilijua Isa angeshindana. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama mkwe alikwisha mpa baiskeli ya Adrisi. Ile ya buluu, unaikumbuka, ndiyo aliyotusindikizia mpaka stendi ulipokuja harusini, mkoba wako umefungwa nyuma. Wameing'oa madigadi na keria ili iwe nyepesi. Na kofia ya Adrisi ya kitambaa, niliyokuwa nimeiweka sandukuni, Isa alikuwa ameivaa kichwani. Sikuulizwa.

Walipotokea mara ya kwanza watu barabarani wakaanza kupiga kelele, Adrisi, Adrisi, kwa mazoea tu, kwa sababu ya ile baiskeli. Nulu alikuwa amepanda juu ya kigoda dirishani. Kaka, Isa na Adrisi ukiwatazama kwa nyuma ni mgongo mmoja. Mtoto aliruka kutoka kwenye kigoda, akaja kunivuta mkono na kuniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa siri:

"Mama, baba amerudi."

Kisha akakimbilia mlango wa nyuma kumngoja apite huko. Mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni. Nilidhani angemnyamazisha. Badala yake alimbeba juu, akamwonyesha kwa kidole, na kumwambia:

"Ndiyo, mjukuu wangu. Huyo ndiye baba yako. Mpungie."

Niliinuka na Twaha kifuani. Nilimwambia Nulu kwamba siye, kwamba yule ni baba mdogo Isa, amepanda baiskeli ya baba, na baba tulimzika. Sikupiga kelele, nilisema polepole ili aelewe. Mtoto alinitazama mimi, akamtazama bibi yake. Raundi iliyofuata alipunga mkono na kuita baba. Mtoto wa miaka minne akiambiwa mambo mawili atachukua lile lenye baba ndani yake, na mimi simlaumu.

Wakazunguka hivyo mchana kutwa, naona. Mbele, baba. Nyuma, baba. Nilitaka kutoka nikasimame katikati ya barabara niwazuie, na siwezi kutoka. Nilitaka kuifungia sauti nje, na nyumba haina pa kujificha. Nilikaa sakafuni kati ya vyumba viwili nikanyonyesha.

Isa hakushinda. Adrisi alizoea kusema kwamba kwenye barabara ya tambarare anayetangulia ndiye mtumishi wa wenzake, anawakatia upepo, na mwenye akili hujibanza nyuma ya mgongo wa mwenzie mpaka mwisho. Isa alitangulia tangu mwanzo. Kila alipopita mbele ya nyumba yetu alikuwa wa kwanza, kifua wazi, watu wanamshangilia, na nyuma yake Odero wa kiwanda cha nguo amejibanza kimya. Raundi ya mwisho Odero akatoka pembeni akampita. Namukose anasema watu walicheka mpaka wakashika mapipa.

Odero alipewa saa. Wa pili, yaani Isa, alipewa kitambaa, kizuri, chekundu chenye maua, cha kushona vazi zima la gomesi. Sasa sikiliza walichofanya. Walikuja nacho mpaka kwangu. Kundi zima lilikuja, washindani na jasho lao na vijana wa ngoma, na mama mkwe akatoka kuwapokea kwa vigelegele. Isa akaja mpaka kizingitini, akakiweka kile kitambaa chini, mbele ya pazia la mlango wangu, watu wote wanatazama. Mama mkwe, akiwa huko nje, akaniambia nitoe mkono nipokee, shemeji yangu ameniletea zawadi.

Wewe unajua, kaka, na wao wanajua. Mwanamke aliye ndani ya eda havai nyekundu. Na mwanamke aliye ndani ya eda haposwi, hata kwa maneno, seuze kwa ngoma. Lakini kama ningetoa mkono wangu kupitia lile pazia, mtaa mzima ungekuwa shahidi kwamba nimekubali, na barua yako ya kukataa ingefika imechelewa.

Mkono wangu nikaukalia. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Shemeji, bado nimo ndani ya eda ya kaka yako. Kitambaa hicho humu ndani hakina mwenyewe."

Ngoma ikanyamaza. Mama mkwe akaanza kusema kwamba nimeingiwa na kiburi chetu sisi Wagisu. Nikasikia sauti ya Odero, bila dhihaka, ikimwambia Isa waondoke, mbio zimekwisha. Isa akainama akakiokota.

Usiku ule sikusemeshwa. Asubuhi mama mkwe akaniambia wazi. Kama simtaki Isa, njia ya Mbale ninaijua, basi linaondoka kila siku. Niende nilivyokuja. Nilikuja bila watoto. Nulu na Twaha ni wa ukoo, watabaki. Hapo ndipo nilipofungwa, kaka. Nikikubali, nitalala na mtu ambaye mwanangu amedanganywa kwamba ni marehemu. Nikikataa, nitapanda basi na maziwa yanachuruzika kifuani.

Kuna jambo jingine, na hili wao hawalijui. Jana alasiri mama mkwe alipokwenda bombani, Isa alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akasema:

"Shemeji, mimi nilitaka kushuka raundi ya tatu, nilipomsikia mtoto ananiita. Lakini mama alikuwa amesimama pale, ananihesabia."

Nikamuuliza, wewe unataka nini hasa, Isa. Akaniambia kuna msichana huko Iganga, wamekwisha ahidiana, lakini tangu kifo cha Adrisi hana uso wa kumwambia mama yake, kwa sababu kila akifungua mdomo mama analia na kumtaja marehemu. Aliposikia jibu langu Jumapili, anasema, alitamani kupiga magoti palepale anishukuru, ila watu walikuwepo. Alikuwa ameileta ile kofia. Aliiacha dirishani.

Basi unaona. Si mimi peke yangu. Kijana yule na miguu yake yote hawezi kumwambia mama yake hapana, na mimi nikisema hapana wanasikia kiburi. Anayeweza kusema ikawa imesemwa ni wewe.

Nilimtuma Namukose kwa mwalimu wa msikiti. Mwalimu amejibu kwamba walichofanya Jumapili hakifai, na atawaambia. Kuhusu watoto amesema wadogo kama hawa mahali pao ni kwa mama yao, na yuko tayari kulisema hilo mbele ya wazee wa ukoo. Lakini anataka walii wangu awepo akae mkekani. Hawezi kunitetea mbele ya wanaume kumi huku upande wangu pana nafasi tupu. Amesema barua haitoshi.

Kwa hiyo sikuombi barua. Eda inaisha mwisho wa mwezi huu, na wazee wameitwa siku itakayofuata. Omba ruhusa kazini. Ukikataliwa omba tena. Najua reli si shamba la baba, na najua mwezi wa nne ulilia kwa sababu hukuwahi mazishi. Sikukulaumu, wala leo sikulaumu. Mazishi yalikwisha bila wewe na Adrisi yuko alipo. Hili haliwezi kwisha bila wewe.

Usinipeleke kwako Nakuru, chumba chenu ni kimoja na wifi ana mzigo wake. Tufikishe Mbale tu, kwa shangazi Nambozo pale chini ya Wanale. Amekwisha niletea salamu kwamba chumba cha nyuma kiko wazi na anataka mtu wa kumsaidia kwenye migomba. Kulima najua, kusoma na kuandika najua, sitakaa bure. Na mama mkwe nitamletea wajukuu kila Idi, kwa hiari yangu, nikiwa nimewashika mkono mimi mwenyewe. Mwambie hivyo mbele ya wazee. Sitaki aondoke mkekani akidhani nimemuua mtoto wake mara ya pili.

Msalimie sana wifi Sauda, mwambie asikaze mguu kwenye baridi, aukande kwa mafuta ya moto. Wasalimie na watu wa kwetu hapo Nakuru, hasa mzee Wamimbi, mwambie dua zake tunazisikia huku. Shangazi Nambozo anakusalimu na anauliza kama bado unakula kama zamani. Namukose hakujui lakini naye anakusalimu.

Mungu akufungulie njia, akulinde safarini, akufikishe ukiwa na nguvu na maneno.

Nulu ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia namwandikia mjomba, na mjomba anakuja. Watu wazima wamekwisha mdanganya mara moja mwezi huu kwamba kuna mtu amerudi. Kaka, mimi nisiwe wa pili.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, ninayekupenda na kukungoja,

Ramula