Mkojo, mate na mdomo wangu

Jumanne, Garsen. Jua limewaka leo mpaka mbuzi wameingia chini ya malori kutafuta kivuli. Mimi nimejifungia ndani tangu alasiri, na si kwa sababu ya jua.

Naona haya.

Kuna shamba kubwa la mpunga linaandika watu huku delta: waendesha pikipiki, na mlinzi mmoja wa geti. Kabla uandikwe unapimwa kama unatumia dawa za kulevya. Kijana wa maabara amekuja kutoka Malindi na sanduku lake, na sisi wa foleni tukamzunguka atufundishe. Mkojo, akasema, unataja mambo ya siku nyingi nyuma. Mate yanajua ya jana na juzi tu. Nywele ndizo zina kinyongo, zinaweka ya miezi. Sasa mimi nilivuta bangi kwenye harusi moja miezi miwili imepita, basi nikashika kichwa: "Hizi nywele ni za mtumba, usiziulize kitu!" Watu wakavunjika mbavu. Hata meneja wa shamba.

Meneja akachagua mkojo. Mate hayarudi nyuma vya kutosha, alisema. Vijiti vya mate vikabaki ndani ya sanduku, vya mtu ambaye mkojo umegoma kutoka.

Nikapita safi. Mimi!

Halafu ikafika zamu ya Mzee Dhadho, aliyekuwa anaomba kazi ya geti. Ni Muorma, jirani yangu, ng'ombe wake wote walimalizwa na ukame. Huyu mzee hata sigara hajui inashikwa upande gani. Akachungulia chooni, akarudi na kikombe kitupu.

"Mwanangu, maji iko wapi?"

"Tumeondoa, mzee," akajibu kijana wa maabara. "Watu wanachanganya na mkojo."

"Basi mimi siwezi kuingia."

Foleni ikanyamaza. Na mimi nikisikia kimya, ulimi unaniwasha.

"Mzee, ingia tu! Ama unaogopa kikombe kitatoa moshi?"

Wakacheka mpaka mwingine akakaa chini. Meneja akapangusa macho, akasema anayekataa kupimwa ameanguka, anayefuata aje.

Mzee hakumwangalia meneja. Aliniangalia mimi.

"Haya, Komora. Umefurahisha watu."

Akaweka kikombe chini polepole, akaenda zake kwa miguu.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo panauma. Mimi ndiye nampeleka msikitini kila Ijumaa na boda yangu. Mtu wa swala hakojoi mahali hakuna maji ya kujisafisha, maana tone likigusa nguo, swala imeharibika. Mimi ni Mpokomo, mtu wa kanisa, lakini nimekulia hapa, na hilo hata mtoto wa nasari analijua. Meneja ni mgeni, hajui. Neno moja tu, "mpimeni mate", lingetosha. Mdomo huu ambao haupumziki, hapo ukashikwa na gundi.

Nimejaribu kujitetea. Nimesema, si angejieleza mwenyewe? Ajieleze vipi, mtu mzima, aanze kueleza anavyojisafisha mbele ya vijana wanaomcheka?

Jioni meneja akapiga simu. Ati nimechangamka, ati watu wananipenda, na geti linataka mtu kama mimi. Niache kazi ya pikipiki niliyoomba, nichukue geti, mshahara uko juu kidogo.

Nikasema asante, bosi.

Nilisema asante!

Kijana wa maabara anaondoka kesho adhuhuri. Asubuhi nitaenda pale foleni ikiwa imejaa, nimwambie meneja nilichojua nikanyamaza, na geti nimrudishie. Akikasirika aninyime na pikipiki, sawa, boda yangu ipo.

Lakini kwanza nipite kwa mzee nimwombe arudi apimwe mate. Nitaanzaje kuongea naye, mimi ambaye sijawahi kuanza maneno na mtu bila mzaha?