Kwa Baba Mkwe Niliyemkimbia Kila Alfajiri

Baba,

Sijui hata nianzeje, maana katika miaka yote ya kuolewa na mwanao sijawahi kukwambia neno. Nilipokuona mbele nilijitanda kanga usoni nikaingia migombani, na wewe ukageukia pembeni na kukohoa ili nijue umeshapita. Ndivyo nilivyofundwa kwetu Masoko, kwamba baba mkwe hatazamwi wala hasemeshwi. Leo umelala, na mimi nimechoka kunyamaza.

Kwa wazee wetu mambo yalikuwa mepesi. Vijana walijenga kijiji chao, baba zao wakabaki kwao, na njia zilikuwa nyingi. Lakini sisi, mwanao Gwakisa alipata kiwanja hapa mtaa wa Bagamoyo, si ule mji wa pwani, nyumba tatu kutoka kwako. Migomba ikakatwa, mabati yakaota kila upande, barabara ikabaki moja. Ningejificha wapi, Baba, nyuma ya nguzo ya umeme?

Kisha kiwanda cha chai kikapata mwenye mali mpya, watu wakapunguzwa, nawe ukiwamo, na Gwakisa pia. Hapa mjini kazi hakuna. Kila mtu anauza ndizi, na mnunuzi naye ana ndizi zake. Wewe ukapata ulinzi wa mchana kwenye ghala Mbeya. Mimi nikapata kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, huko huko Mbeya. Gari la kutufikisha mapema lilikuwa moja tu, lile la saa kumi na moja alfajiri.

Siku ya kwanza nilikukuta umeshakaa. Nikarudi nyuma ya kibanda cha maziwa, gari likaondoka bila mimi. Siku ya pili vivyo hivyo. Gari lililofuata lilikuja jua limeshatoka, nikafika kazini wenzangu wanaanika. Msimamizi akanionya kwamba nikichelewa tena nisirudi. Nikamlilia Gwakisa, naye akasema ataongea na mama yake.

Jumatatu iliyofuata hukuwemo garini. Nilipanda nikamshukuru Mungu. Mama alisema umebadilishiwa zamu, nami nikaamini. Baada ya miezi miwili nikasikia ghala limefungwa na wewe umerudi kwenye shamba lako la migomba kijijini Lufingo. Nilikuonea huruma, huku nimekalia nafasi yako.

Siku ya kukuaga, mama alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye jeneza. Ndipo nilipouona uso wako kwa mara ya kwanza, kumbe mwanangu Lusajo amechukua paji lako lote. Mama akaninong'oneza pale pale kwamba ghala halikufungwa. Ulikuwa unapanda gari la pili kila siku, ukachelewa mpaka wakakuchoka. Alikusihi tupande sote, mimi nikae nyuma nimekupa mgongo. Ulimjibu, "Yule ana watoto wa kusomesha, mimi nina migomba. Mwache apande." Na ukamkataza kunieleza.

Baba, inaniuma. Kwa nini hukutuma mtu aniambie? Ningefumba macho mpaka Mbeya. Halafu najijibu kwamba nami nilikuwa na akili zangu, nikaona nafasi iko wazi, nikakaa bila kuuliza.

Tangu ulipoondoka nyumba zimeongezeka hadi kule ulikokuwa ukikata majani ya ng'ombe. Vijana waliomaliza shule wanaondoka alfajiri kutafuta vibarua, jioni wengi wanarudi mikono mitupu. Nimemwambia Gwakisa kwamba siku Lusajo akioa, mkewe atapanda gari moja na yeye Gwakisa, baba mkwe wake. Alinuna, akasema nataka kuvunja mila. Nikamwambia mila sijaivunja hata siku moja, kilichovunjika ni kibarua cha baba yake. Ndipo nikamweleza yote. Hakuwa anajua, Baba. Alitoka akakaa mlangoni mpaka chai ikapoa, kisha akasema sawa, atapanda.

Mama sasa anaishi kwetu. Nakuahidi hatalala njaa nikiwa na nguvu za kufua, na wajukuu zako watasoma. Hiyo ndiyo kazi uliyoniachia, nami sitaichezea.

Pumzika, Baba. Ndaga fijo, asante sana, japo imechelewa. Sijui kama mliolala mnaitikia, lakini leo sijifichi.

Shikamoo, tata, baba yangu.

Mkweo,
Mama Lusajo